Mkate na Maji Mbele ya Adui

Somo: 2 Wafalme 6:8–23



 Mwezi huu twapenda kutafakari pamoja nanyi jambo moja lililo gumu kuliko mengi katika imani yetu, nalo ni kuwahurumia watu waliotuumiza. Kumhurumia yatima, au mgonjwa, au mgeni aliyepotea njia, ni kazi ambayo moyo waiweza, kwa kuwa hao hawakututenda neno. Lakini kumhurumia mtu aliyetwaa shamba letu, au aliyetusingizia mbele ya watu, au aliyemwaga damu ya mpenzi wetu, jambo hili moyo wa asili haulitaki kabisa. Watu husema dawa ya moto ni moto, na wengi wetu, ijapokuwa tumebatizwa, twaliamini neno hilo kuliko mafundisho ya Bwana mlimani.

Wala hatuandiki habari za nchi ya mbali. Tangu mwaka 1973, ilipoamriwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na zaidi tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa haraka, mashamba ya uwele na mtama yaliyouzunguka mji yamegeuka kuwa viwanja. Ardhi ambayo baba zetu waliigawa kwa hatua za miguu, na mpaka wake ulikuwa mbuyu au korongo, leo yapimwa kwa vyombo na kuuzwa kwa fedha nyingi. Ndipo ugomvi ulipoingia nyumbani. Ndugu huuza fungu la ndugu yake. Mkubwa huficha hati mdogo asizione. Mjane huambiwa ya kuwa marehemu hakuacha kitu. Wazee wa kanisa wanayajua mashauri hayo, kwa kuwa huletewa jioni, watu wakiwa wamechoka na maneno yakiwa makali. Nasi twajua wako watu wa tumbo moja waketio katika kanisa moja, mmoja upande wa kuume na mwenzake upande wa kushoto, wala hawajaamkiana kwa miaka 3. Wote wawili hukaribia Meza ya Bwana. Kwa ajili ya hao, na kwa ajili yetu sote, twaandika.

Somo letu ni habari ya nabii Elisha. Mfalme wa Shamu alifanya vita juu ya Israeli, na kila alipoweka mavizio, Elisha alimwonya mfalme wa Israeli, hata siri za Washami zikawa kazi bure. Mfalme wa Shamu akakasirika, akapeleka farasi na magari na jeshi kubwa, wakauzunguka mji wa Dothani usiku ili wamkamate mtu huyu mmoja. Mtumishi wake alipoamka asubuhi na kuliona jeshi, aliogopa sana. Elisha akamwombea, macho yake yakafumbuliwa, akaona mlima umejaa farasi na magari ya moto. Kisha Elisha akaomba tena, na Washami wakapigwa kwa upofu. Naye akawaongoza, wao wasijue waendako, hata wakajikuta katikati ya Samaria, mji wa adui zao. Mfalme wa Israeli alipowaona, mkono wake ulikuwa tayari kwa upanga. Akamwuliza nabii mara mbili kama awapige. Elisha akamkataza, akaagiza wawekewe mkate na maji. Basi wakaandaliwa karamu kubwa, wakala, wakanywa, wakarudi kwa bwana wao. Na vikosi vile vya wanyang'anyi havikuingia tena katika nchi ya Israeli.

Katika habari hii twajifunza mambo matatu.

Kwanza, huruma haisemi kwamba ubaya si ubaya.

Elisha hakumwambia mfalme ya kuwa Washami wale walikuwa wageni waliopotea. Alijua kwa nini walikuja, na kwamba kamba walizochukua zilikuwa za kumfunga yeye. Mfalme naye alijua. Mkate uliwekwa mbele ya watu ambao kila mtu mjini aliwatambua kuwa adui, na kama wasingalikuwa adui, karamu ile isingalikuwa huruma, bali ukarimu wa kawaida tu. Vivyo hivyo Bwana wetu alipotufundisha kuomba tusamehewe deni zetu, hakusema kwamba hakuna deni. Deni lisilokubaliwa kuwa ni deni haliwezi kufutwa.

Twasema hivi kwa sababu wako Wakristo, hata wahubiri, wanaomwendea aliyeumizwa na kumwambia upesi, Sahau, si kitu. Mjane amepoteza shamba la kuwalishia watoto wake, naye aambiwa si kitu! Hiyo si huruma ya Kristo. Ni jeraha la pili juu ya jeraha la kwanza. Mfano wa Bwana katika Mathayo 18 watufundisha jambo hili waziwazi. Yule mtumwa alimdai mwenzake dinari 100, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Basi alidai ujira wa siku 100, yapata muda wa tangu kupanda uwele hata kuuvuna. Mtu aliyefanya kazi msimu mzima bila kulipwa hawezi kusema kwamba hakupoteza kitu. Bwana ajua ya kuwa tunayodai ni ya kweli, wala si madogo.

Tena, huruma haifungi kinywa cha hakimu. Mke apigwaye na mumewe hana wajibu wa kukaa chini ya fimbo ili aitwe mwenye huruma. Wazee na wamtoe mahali pa hatari, na Serikali ifanye kazi yake. Mtoto aliyeharibiwa asifichwe kwa ajili ya sifa ya ukoo, wala kwa ajili ya sifa ya usharika. Luther alifundisha ya kuwa Mkristo kwa nafsi yake mwenyewe asijilipize kisasi, lakini kwa ajili ya jirani yake na amlinde aliye dhaifu, na mamlaka iliwekwa na Mungu kwa kazi hiyo. Mjane anaweza kwenda barazani kudai haki ya watoto wake, na papo hapo moyoni mwake asimtakie shemeji yake kifo. Mambo hayo mawili yaweza kukaa katika nyumba moja.

Pili, huruma huanza hesabu mahali pengine.

Hapa, ndugu zangu, twaomba masikio yenu, kwa kuwa ndipo penye mzizi wa shauri letu. Kila mtu huanza hesabu mahali alipopigwa yeye. Waswahili husema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Pigo tulilolipiga sisi hatulihesabu, au twaliita jibu tu. Pigo tulilopigwa twaliita mwanzo wa vita. Na mwenzetu naye ahesabu hivyo hivyo kutoka upande wake. Kwa hiyo wote wawili hujiona ni wadai, wala hapana aliye mdeni.

Tazameni nchi yetu hii ya Ugogo katika karne ya 19. Njia kuu ya misafara, itokayo pwani kwenda Tabora na Ujiji, ilipita katikati yake. Mashariki iko nyika iliyoitwa Marenga Mkali, na magharibi Mgunda Mkali, zote mbili nyika za kiu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walizivuka wakiwa na mizigo mabegani na njaa tumboni. Na walipofika penye maji waliwakuta watemi wakidai hongo ya nguo, na shanga, na waya. Richard Burton aliyepita mwaka 1857, na Henry Stanley aliyepita mwaka 1871, waliandika kwa manung'uniko mengi juu ya hongo hiyo. Katika hesabu ya msafara, Mgogo alikuwa mnyang'anyi.

Lakini kaeni kidogo upande wa Mgogo. Ninyi mnajua kiangazi cha nchi hii, tangu mwezi wa Mei hata Novemba, mvua haionekani. Mnajua kisima kichimbwacho mchangani kwa mikono, na jinsi mama anavyongoja maji yajikusanye kibuyu kwa kibuyu. Siku moja huja watu mia nyingi, pamoja na punda na mbuzi, wakanywa kwa mchana mmoja yale ambayo kijiji kiliyaweka kwa ng'ombe wake na watoto wake, kisha wakaenda zao. Katika hesabu ya Mgogo, msafara ulikuwa mnyang'anyi, na hongo ilikuwa bei ya maji. Na mwezi wa Juni mwaka 1890 Carl Peters, Mdachi, alipopita hapa, alijibu madai ya hongo kwa bunduki, akachoma vijiji na kuswaga ng'ombe za watu, tena akajisifu kwa hayo katika kitabu chake. Yeye alitumia dawa ya moto. Hakuacha nyuma yake amani, bali majivu.

Walakini wazee wetu, ingawa walio wengi walikuwa hawajasikia Injili, walipata dawa nyingine iliyo bora kuliko ile ya Peters. Wagogo na Wanyamwezi ni watani hata leo. Wagogo na Wahehe ni watani vilevile, ijapokuwa zamani walipigana na kutekana ng'ombe. Wazee wengi husema utani huo ulizaliwa katika vita na safari zile zile. Nao utani una hekima. Haufichi yaliyotokea. Mtani humwambia mwenzake mbele ya watu, Ninyi mlitunyima maji. Naye hujibiwa, Ninyi mlikausha visima vyetu. Na wote hucheka, kwa kuwa hesabu zote mbili zimesomwa kwa sauti na hapana aliyeinua mkuki. Tena siku ya msiba, mtani huja kusaidia kuchimba kaburi na kumzika mtu ambaye babu yake alipigana na babu wa marehemu. Je, hatuoni hapo ya kuwa Mungu hakujiacha bila shahidi katika nchi yetu?

Sasa tutoke Ugogo kidogo, twende kaskazini, maana iko habari nyingine iliyo ya Kanisa letu la Kilutheri lenyewe. Mwezi wa Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili vijana wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikwenda katika nchi ya Meru ili waanze kazi huko. Wakapiga hema mahali paitwapo Akeri. Jeshi la serikali ya Wadachi nalo lilikuwa katika nchi ile siku hizo hizo, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kumtenga Mzungu mwenye Kitabu na Mzungu mwenye bunduki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba vijana wa vita wa Kimeru na wa Kiarusha waliwashambulia, wakawaua wote wawili, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao.

Yakafuata majibu mawili. Jibu la kwanza lilikuwa la Kapteni Johannes, mkuu wa askari. Aliipiga Meru na Arusha, watu wengi wakafa, nyumba zikateketezwa, ng'ombe zikachukuliwa. Jibu la pili lilikuja baada ya miaka 6. Mwaka 1902 Misioni ile ile, ambayo watu wake waliuawa, ilirudi Meru na kujenga Nkoaranga, ikafundisha watoto na kuwauguza wagonjwa. Leo hapo pana kanisa na hospitali, na Dayosisi ya Meru ni sehemu ya Kanisa letu. Ni nani leo ajengaye juu ya kazi ya Kapteni Johannes? Lakini juu ya kazi ya Nkoaranga wajukuu wa wale walioshika mikuki wanamsifu Mungu pamoja na wajukuu wa wale Wachaga.

Nasi tumezoea kuisimulia habari hii kwa kuisifu huruma ya wamisionari, na ni haki. Lakini tukianza hesabu mahali pengine, twaona huruma nyingine. Mfikirini mama wa Kimeru ambaye mwaka 1896 mumewe aliuawa kwa bunduki, ng'ombe zake zikaenda, na migomba yake ikakatwa. Mwaka 1902 awaona watu wa rangi ile ile, wasemao lugha ile ile ya Kapteni, wakiomba mahali pa kujenga katika nchi yake, wakiomba na mtoto wake aje shuleni. Naye alikuwa na deni la kudai, tena kubwa. Mama wa namna hiyo alipomwosha mtoto wake asubuhi na kumpeleka Nkoaranga, je, hakuweka mkate na maji mbele ya adui? Huruma ya nani ilikuwa kubwa zaidi? Sisi hatuwezi kuipima. Twajua neno hili tu, kwamba Kanisa la Meru halikujengwa juu ya huruma ya upande mmoja.

Basi wewe ndugu, mwenye kesi ya kiwanja, jaribu usiku mmoja kuisoma hesabu kutoka upande wa mwenzako. Labda utaona ya kuwa aliuza kwa choyo tu, wala hapana la kumtetea. Labda pia utakumbuka ya kuwa yeye ndiye aliyebaki nyumbani kumwuguza baba, hali wewe ulikuwa kazini mjini, nawe hukumpelekea hata debe la mtama. Jambo hilo halimfanyi mwizi kuwa si mwizi, lakini litakushusha katika kiti cha hakimu.

Kisha panda juu zaidi, uanze hesabu kwa Mungu, kama yule mtumwa alivyopaswa kufanya. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, naye alikuwa akidaiwa talanta 10,000. Mtu asingeweza kulilipa deni hilo, hata kama angaliishi miaka kama Methusela, akafanywa kijana, akaishi tena. Bwana wake alilifuta lote kwa neno moja. Kosa lake halikuwa kwamba alizikumbuka dinari 100, bali kwamba alianza hesabu yake katika hizo dinari, kana kwamba asubuhi ile haikutokea jambo lolote. Sisi tuliobatizwa tumetoka mbele ya Mfalme asubuhi hii. Msalaba wa Bwana Yesu ndio mahali pa kuanzia hesabu zetu zote.

Tatu, huruma huweka kitu mezani.

Elisha hakumwambia mfalme wa Israeli awapende Washami moyoni na kuwaacha wasimame kiwanjani na njaa. Aliagiza mkate na maji. Mtume Paulo naye, katika Warumi 12, aandikapo juu ya adui, azungumza habari ya njaa yake na kiu yake, wala hatuagizi tungoje mpaka moyo upate uvuguvugu. Na Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aelezapo ombi la tano la Sala ya Bwana, hakuishia kwenye kusamehe. Aliongeza ya kuwa tuwatendee mema kwa furaha wale waliotukosea. Watoto wetu wa kipaimara husoma maneno hayo kwa moyo. Je, sisi wakubwa tuliyaacha darasani?

Watu wa nchi hii wanaelewa thamani ya chakula kuliko wengine. Wazee wetu waliwasimulia watoto wao njaa iliyoitwa Mtunya. Katika vita ya mwaka 1914 hata 1918 majeshi ya Wadachi, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo, na vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosekana. Tangu mwaka 1917 hata 1920 watu walikufa wengi mno. Ilikadiriwa kuwa walikufa watu 30,000 katika 150,000. Na hata baada ya hapo, kila kizazi kimejua maana ya kuhemea, kuchukua kikapu na kwenda mbali kutafuta nafaka. Mwenye kuhemea hachagui mlango. Hubisha hodi hata kwa mtu aliyegombana naye, kwa kuwa watoto wanalia. Basi siku atakapobisha kwako yule aliyekuumiza, hutahitaji kumwuliza mchungaji huruma ni nini. Utajua kwa kuitazama ghala yako.

Na kama hana njaa? Iko mikate ya namna nyingine. Salamu ni mkate, maana kumpita mtu bila kumwamkia ni kumtangazia kwamba amekufa. Kumtetea anaposingiziwa kosa asilolitenda ni mkate mzito. Kwenda kumtazama hospitali ni mkate. Kuchimba kaburi siku ya msiba wake ni mkate. Kama mtani aweza kulichimba, je, ndugu katika Kristo ashindwe? Wala usidharau mambo haya kwa kuwa ni madogo. Mara nyingi moyo hufuata mkono. Mtu hupeleka bakuli la mlenda na ugali kwa kujilazimisha, hali moyo wake ungali unauma, naye arudipo huona ya kuwa uchungu umepungua kidogo. Wala asikate tamaa kama hupungua polepole. Miaka 6 ilipita kati ya Akeri na Nkoaranga.

Sasa twapaswa kusema neno moja la kweli, tusije tukawadanganya. Somo letu lakoma kwa habari njema, kwamba vikosi havikuja tena. Lakini ukisoma aya ifuatayo utaona ya kuwa baadaye Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, alikusanya jeshi lake lote na kuuhusuru mji wa Samaria, hata njaa kali ikaingia humo. Basi Elisha alikosea? Mkate ule ulipotea bure? Wako watu watakaokuambia hivyo. Watakuambia, Ulimsamehe, na tazama, amekutenda tena!

Ndugu, huruma si hirizi ya kumfunga adui asirudi. Mara nyingi humgeuza, nasi tumeona mifano. Mara nyingine haimgeuzi. Hatumhurumii mtu kwa kuwa tumehakikishiwa ya kuwa atatulipa vema. Twamhurumia kwa kuwa sisi wenyewe tu watu waliohurumiwa, na mtoto hufanana na Baba yake, ambaye huwanyeshea mvua wema na waovu. Mkulima wa Ugogo hupanda uwele kila mwaka, ijapokuwa ajua ya kuwa mwaka mmoja mvua itakosa. Kwa kuwa mwenye kuacha kupanda amekwisha kuichagua njaa. Mwana wa Mungu mwenyewe aliwaombea waliompigilia misumari, na walio wengi wao walishuka mlimani bila kubadilika. Lakini akida mmoja alisimama chini ya msalaba, akakiri. Je, tuseme sala ile ilipotea?

Basi, wapenzi, tuyafanyeje haya? Twawashauri hivi. Kabla ya Chakula cha Bwana kijacho katika usharika wako, litaje mbele za Mungu jina la mtu mmoja aliyekuumiza. Usianze na adui wote. Anza na mmoja. Mweleze Mungu kosa lake lote, bila kulipunguza. Kisha mweleze Mungu deni lako mwenyewe kwake, nalo usilipunguze. Kisha chagua mkate mmoja utakaompelekea, ulio ndani ya uwezo wako, na siku ya kuupeleka. Ukiogopa kwenda peke yako, mchukue mzee wa kanisa au mwalimu afuatane nawe. Na mahali ambapo kukutana kungeleta hatari ya kupigwa tena, usiende. Mwombee ukiwa mbali, na mkate wako uwe kutomtakia mabaya.

Nanyi wazee wa kanisa, mketipo katika mashauri ya mashamba na mirathi, msiharakishe kupeana mikono kabla kweli haijasemwa. Sikieni hesabu zote mbili hata mwisho, kama watani wanavyozisoma. Aliyetwaa cha mwenzake na akirudishe, maana Zakayo aliporudisha ndipo wokovu ulipoonekana nyumbani mwake. Lakini kweli ikiisha kusemwa, msiwaache watu waondoke barazani bila kula pamoja. Mwekeeni kila mmoja mkate na maji mbele ya mwenzake, hata ikiwa ni chai na viazi tu, kabla hawajatawanyika.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, Baba wa rehema, ulitulisha sisi tulipokuwa adui zako, ukatuketisha mezani pa Mwanao. Fumbua macho yetu kama ulivyomfumbua macho mtumishi wa Elisha, tusiliogope jeshi linalotuzunguka. Wafumbue macho nao waliotuumiza, wajue mahali waliposimama. Wape haki wajane na yatima wa nchi hii. Uwapatanishe ndugu waliotengana kwa ajili ya ardhi, kabla ardhi hiyo haijawafunika wote wawili. Utupe mkono wa kuweka mkate mezani hata siku ambayo moyo unakataa, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.